Bwawa la Gibe III na Uchunguzi Uliochelewa

Ziwa Turkana halina mto wa kutokea. Maji yaingiayo humo hutoka kwa kukaushwa na jua tu. Na zaidi ya sehemu 8 katika kila 10 za maji hayo huletwa na mto Omo kutoka milima ya Ethiopia. Basi aushikaye mto Omo kule juu, amelishika ziwa letu huku chini.

Mwaka 2006 Ethiopia ilianza kujenga katika mto huo bwawa la Gibe III, lenye ukuta wa kimo cha mita 243. Haja yake ilikuwa ya kweli, kwani watu wake wengi hawakuwa na umeme, na bwawa hilo lingetoa megawati 1,870. Lakini sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2002 iliagiza kwamba kazi ya namna hii isianzwe kabla ya kuchunguzwa madhara yake. Uchunguzi wa Gibe III uliidhinishwa mwaka 2008, kazi ikiwa imekwisha kuanza.

Tena uchunguzi huo ulifanywa kwa ajili ya shirika la umeme lenye bwawa. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Si lazima wataalamu wawe waongo. Lakini aitwaye kuchunguza kazi iliyokwisha anzwa, ni shida kwake kuuliza kama ilifaa kuanzwa.

Wataalamu walikubali kwamba mafuriko ya kila mwaka yatakoma, nayo ndiyo yaliyowapa Wadassanech na jirani zao matope ya kupandia mtama. Badala yake yaliahidiwa mafuriko ya kufunguliwa kwa siku 10. Mwaka 2011 yakatangazwa mashamba makubwa ya miwa kando ya mto, ambayo hayakupimwa pamoja na bwawa. Hapo pana jambo kubwa: bwawa huyazuia maji kisha huyaachilia, bali maji yanywewayo na miwa hayalifikii ziwa.

Watu wa Turkana walilalamika, na Ikal Angelei akawa msemaji wao mashuhuri. Bwawa lilianza kujazwa mwaka 2015, na kufikia mwisho wa mwaka 2016 ziwa lilikuwa limeshuka karibu mita 1 na nusu. Mwaka 2018 UNESCO ilizitia mbuga za ziwa hilo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Baadaye mvua kubwa zililijaza tena, hata likafurika. Lakini mvua ni bahati. Haiwezi kushika mahali pa uchunguzi.

Wala sisi tusijione tu mbali na jambo hili, maana tangu mwaka 2022 Kenya hununua umeme wa Ethiopia. Atumiaye taa anao wajibu wa kuuliza habari za mto. Uchunguzi wa haki hutangulia kazi, hufanywa na mtu asiyepata faida kwa jibu lolote, wala haukomi mpakani, kwa kuwa maji nayo hayakomi hapo.