Moto wa busaa na kimea kisichokaangwa

Historia ya pombe Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kalamu ya sheria: nani alikamatwa, klabu ipi ilifungwa, kodi gani ilitozwa. Katika rekodi hizo busaa ya magharibi mwa Kenya huonekana kama kitu kilichojizukia chenyewe chunguni. Upishi wake unasimulia mengine. Wanawake walioulea ufundi huo walikuwa wamelipatia jibu, kwa kuni na bati, swali lililowaumiza vichwa watengenezaji wa bia wa London mwanzoni mwa karne ya 19: nafaka ipi ipitishwe motoni, na ipi iepushwe nao.

Unga wa mahindi hukandwa kwa maji, kisha huachwa siku mbili tatu mpaka uchache. Donge huvunjwavunjwa na kumwagwa juu ya bati pana lililotegwa motoni, na mpishi huligeuza kwa beleshi bila kupumzika, maana likitulia kidogo tu upande wa chini huungua, na uchungu huo haufichiki ndani ya pombe. Hutoka likiwa chengachenga za kahawia, zenye harufu ya mkate. Joto hilo huivisha wanga wa mahindi, ambao ukiwa mbichi hauvunjiki kwa urahisi kuwa sukari. Huua pia sehemu kubwa ya vijidudu vilivyouchachusha unga, ilhali asidi viliyoiacha hubaki na kuilinda pombe. Na chenga zikishakauka, huweza kuwekwa akiba, kubebwa na kuuzwa. Uji nao ungeivisha wanga huo, ila uji haukai. Ndipo chenga huchanganywa na maji pamoja na kimea: wimbi lililooteshwa, likaanikwa juani, likasagwa.

Msomaji aweza kudai kwamba ukaangaji huu ni wa rangi na ladha tu. Rangi na ladha zipo, na wanywaji huzithamini. Lakini lau shabaha ingekuwa hiyo peke yake, kimea nacho kingepelekwa kwenye bati, na hakipelekwi. Ndani ya punje iliyoota mna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na moto mkali huviharibu. Hamira ya asili inayokuja na kimea nayo ingekufa. Ushahidi mkubwa wa maarifa ya wapishi hawa, kwa maoni yangu, uko hapo ambapo moto haukufikishwa. Linganisha na London: bia nyeusi ya huko ya karne ya 18 ilitegemea kimea cha kahawia kilichokaushwa kwa moto wa kuni. John Richardson alipotangaza mwaka 1784 kipimo cha kupimia sukari ya bia, ilidhihirika kwamba kimea hicho kilitoa sukari kidogo kuliko kimea cheupe. Watengenezaji wa bia wakahamia kimea cheupe, wakapoteza rangi, mpaka Daniel Wheeler alipopata hataza mwaka 1817 ya kukaanga kimea ndani ya pipa la chuma linalozungushwa. Tangu hapo kimea cheupe kikaachiwa kazi ya sukari, na kile kilichokaangwa kikatiwa kidogo kwa ajili ya rangi. Kanuni ni ileile ya busaa: kimea cha kuleta sukari huepushwa na moto mkali.

Kuna pingamizi la haki: mahindi ni mgeni, yaliletwa kutoka bara la Amerika baada ya safari za Wareno, kwa hiyo ufundi huu hauwezi kuwa wa kale. Hapo tuitazame pombe ya wimbi, ajon ya Wateso au malwa ya Uganda. Unga wa wimbi huchachushwa, hukaangwa, kisha hutiwa kimea kisichokaangwa. Wimbi ni nafaka ya kale ya nyanda hizi, hivyo inaelekea mahindi yaliikuta njia hiyo tayari imekomaa. Kwamba wapishi hawakuwa na vipimo vya kioo si hoja nzito, kwani chungu kilichokosa kuchemka kilimwambia kila mmoja wapi alikosea. Kilichokosekana ni mwandishi. Jijini Nairobi, tangu miaka ya 1920, manispaa ilijitwalia ukiritimba wa kuuza pombe ya Waafrika, na mama aliyepika nyumbani akageuka mhalifu. Mhalifu haulizwi ufundi wake.

Wengine watahofia kwamba kuusifu ufundi ni kuutukuza ulevi. Hofu hiyo inaeleweka, maana pombe imebomoa nyumba nyingi, na mahindi yenye kuvu ni hatari hata yakikaangwa, kwa kuwa moto wa bati hauiondoi sumu yote. Lakini hatari hizo zinadai elimu zaidi kuhusu bati hilo. Vyuo vyetu vinavyofundisha teknolojia ya chakula viwatume wanafunzi Kakamega, Bungoma na Busia, wapime joto la bati na unyevu wa chenga, na waandike majina ya akina mama wanaowafundisha, kwa ridhaa yao, kama wavumbuzi wengine wanavyoandikwa.