Mwili wa binadamu: Kutoka seli hadi mfumo

Mwili wa binadamu umepangika kwa ngazi. Seli ndiyo sehemu hai iliyo ndogo kuliko zote. Seli zinazofanya kazi moja huunda tishu, tishu mbalimbali huunda ogani, na ogani zinazoshirikiana huunda mfumo.

Kwa watoto wa Geita na Shinyanga, mfano wa karibu ni zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kunasa dhahabu. Inapochomwa, mvuke wake huingia katika mapafu, ogani za mfumo wa upumuaji. Damu, ambayo ni tishu, huusafirisha hadi kwenye ubongo na figo, nao huharibu seli. Mikono inapoanza kutetemeka, seli za neva zimekwisha kudhurika. Kwa sababu hiyo, mtoto asikaribie mahali zebaki inapochomwa.