Mabao Kumi na Nane

Barafu kwetu ni ya kutia ndani ya juisi ya miwa pale Forodhani. Kwa hiyo niliposema barazani Jaws Corner kwamba wapo Waholanzi wanaolipwa mshahara kwa kucheza mpira wa magongo juu ya barafu, wazee walitua vikombe vya kahawa wakacheka.

Mmoja hakucheka. Ujanani mwake aliwahi kushika gongo kiwanja cha Mnazi Mmoja. Akaniuliza, "Mwanangu, hao Waholanzi wamewahi kufungwa ngapi?"

Hilo nalijua. Mwaka 1980 Uholanzi ilicheza mchezo huo katika Olimpiki ya Lake Placid, Marekani, mara ya kwanza na ya mwisho hadi leo. Kikosi kilijaa vijana waliozaliwa Kanada katika familia za Kiholanzi. Warusi wakawafunga 17 kwa 4.

"Sisi 18," akasema mzee, tena kwa fahari.

Ni kweli. Mwaka huo huo, mwezi Julai, Tanzania ilipeleka timu ya magongo Moscow, ile ya kiwanja kikavu. Nchi nyingi zilisusia michezo kwa sababu majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan. Hata jirani zetu Kenya, waliotuzidi mbali kwa magongo, hawakwenda. India ikatufunga 18 kwa bila, kisha ikachukua dhahabu. Sisi tukawa wa 6 kati ya timu 6.

Ya Moscow tunayoyakumbuka ni medali za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Wanastahili, sibishi. Lakini kufungwa 18 mbele ya dunia, halafu ukavaa tena jezi ya taifa kwa mechi inayofuata, mimi siliiti jambo dogo.

Wakenya nao sasa wamo kwenye barafu. Kiwanja kilifunguliwa hoteli ya Panari, Nairobi, mwaka 2005, na timu yao ya Ice Lions ilikaa miaka bila mpinzani wa kucheza naye katika eneo letu zima. Mwaka 2018 walipelekwa Toronto wakapata wa kucheza nao, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo. Wale vijana wana kazi zao nyingine za kuwalisha.

Mzee alisikiliza yote, kisha akataka majina ya wale wa kwetu wa 1980. Nikamwahidi. Siku ya tatu leo nafukua kanda za zamani, na bado nakutana na Bayi tu.