Nyumba ya Vyumba Sita

Baba alikuwa mchuuzi wa samaki. Alitoka nyumbani kwetu Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, Dar es Salaam, kabla ya adhana ya alfajiri, tenga limefungwa kwa kamba ya katani kwenye keria ya baiskeli, akashika barabara ya Kichwele, akavuka Mnazi Mmoja, akakatiza mjini wenye maduka wangali wamelala, mpaka Feri. Mimi nilizaliwa mwaka 1949. Nilipofika miaka minane alianza kunichukua siku za likizo, nimekaa mbele kwenye chuma, kanga ya mama nimejifunika mpaka kichwani kwa sababu ya umande.

Feri ya wakati ule haikuwa na soko la zege kama hili lililojengwa kwa msaada wa Wajapani. Samaki walimwagwa mchangani, juu ya makuti. Ngalawa na mashua zilivutwa hadi maji ya magoti, wavuvi wakashuka na vikapu kichwani, dalali akaanza kunadi. Baba hakupiga kelele. Aliinama, akainua shavu la samaki kwa kidole gumba, akatazama wekundu wake, kisha akampa dalali ishara kwa kidevu. Msimu wa kaskazi tenga lilijaa changu, pono na kolekole. Kusi likivuma tulirudi na vibua, na siku nyingine tulirudi na tenga tupu, naye Baba hakusema neno njia nzima.

Kazi yangu ilikuwa kutunga. Unachukua ukindu uliolowekwa, unaupitisha kwenye shavu, unautoa mdomoni, unamwingiza wa pili, wa tatu, wa nne, ukichanganya wakubwa na wadogo ili mtungo upendeze machoni pa mnunuzi, halafu unafunga kitanzi cha kushikia. Mpaka leo nikitazama vidole vyangu hivi vya uzee naona vinaijua kazi hiyo kuliko kazi ya ualimu niliyoifanya miaka thelathini.

Samaki walikwisha kabla ya saa nne, wengine sokoni Kariakoo, wengine mlango kwa mlango. Lakini walikuwapo wawili wasiouzwa. Mmoja alikuwa wa Bibi mwenye nyumba. Wa pili alikwenda kwenye chumba chochote kilichokuwa na shida siku hiyo: mgonjwa, mzazi, mtu aliyekosa kibarua. Mama alimkaanga, akamweka kwenye sahani, akaifunika kawa, akanituma mimi. Na sahani haikurudi tupu. Ilirudi na kipande cha muhogo, au na chumvi kidogo kwenye karatasi, au na ndimu moja. Mtu asiye na kitu aliiosha ikang'aa, akairudisha na maji yakiwa yanachuruzika.

Nyumba yenyewe ilikaa hivi. Mbele baraza. Ukiingia mlango mkubwa unakuta ukumbi mrefu, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na kila chumba kina ukoo wake. Ukinyoosha unatokea uani: jiko, bafu, choo cha shimo, kamba za nguo, mpapai mmoja, na nafasi ya kutwangia. Kuta zilikuwa za fito na udongo, zimepakwa chokaa. Paa la mbele bati. Banda la jiko liliezekwa kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa na kugongwa yakawa bapa. Ukienda Magomeni, ukienda Ilala, ukiingia nyumba hata gizani ulijua choo kiko wapi, kwa maana ramani ilikuwa ile ile.

Kwa nini Kariakoo nzima ilijengwa namna moja? Serikali ya Wajerumani, na baada yake ya Waingereza, iliugawa mji kwa rangi za watu. Pwani palikuwa Uzunguni, katikati Uhindini, halafu ikaachwa ardhi tupu ya Mnazi Mmoja, na ng'ambo yake ndiko Waafrika waliruhusiwa kujenga. Jina lenyewe ni la vita. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliweka hapa kambi ya wapagazi wao, jeshi lililoitwa Carrier Corps. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na watu wa mji wakalitamka jina la kambi kwa ulimi wao likawa Kariakoo. Banda ambalo Wajerumani walilijenga liwe soko ndilo lililokuja kuwa soko kweli baada ya vita. Viwanja vikapimwa vya kutosha nyumba moja ya vyumba sita na ua wake, barabara zikanyooka kama mistari ya daftari, zikaitwa Swahili, Kongo, Sikukuu, Nyamwezi, Pemba, Mafia.

Mtawala alikusudia kututenga. Sisi tuliotengwa tukapata uani, na habari za uani ndizo nataka kusema zaidi.

Nyumba yetu ilikuwa ya Mzaramo, mwanamke mjane aliyeijenga kwa pesa za kuuza vitumbua na kukodisha vyumba, na wenye nyumba wanawake hawakuwa wachache mjini. Yeye na wajukuu wake walikuwa na chumba chao. Sisi tulikuwa watano chumba kimoja. Cha pili yake alikaa fundi cherehani Mmanyema na mkewe. Upande wa pili Mngoni aliyepigana Burma katika jeshi la KAR, ambaye usiku aliota kwa sauti, na Mnyamwezi kuli wa bandarini. Chumba cha sita kilibadilika watu. Kila chumba kilikuwa na lugha yake ya kunong'onea. Lakini ukishatoka uani na kaniki yako unasuuza, ulisema Kiswahili, na ukimkosea mtoto wa mwenzio ulimwambia mamaye kwa Kiswahili, na ukigombania kamba ya nguo uligombana kwa Kiswahili hicho hicho.

Magombano yalikuwapo, sitaki mtu adhani tuliishi peponi. Zamu ya kuosha choo ilivunja urafiki wa wengi. Tenga la Baba lilinuka, na yule mke wa fundi alilisema kila Ijumaa. Hapakuwa na siri: mtu akikohoa chumba cha kwanza, cha sita wanamwambia pole. Nami nilipovunja ungo nikaambiwa barazani basi, baraza ni ya wanaume, mahali pako uani. Nililia siku ile, maana barazani ndiko muuza kahawa alikosimama jioni akigonganisha vikombe vyake, ndiko habari za mji zilikotua.

Mwaka ambao sitausahau ni ule aliofariki yule Mnyamwezi. Nilikuwa na kama miaka tisa. Hakuwa na ndugu Dar es Salaam, hata mmoja. Bibi mwenye nyumba alifungua mlango mkubwa, akatandika jamvi barazani, akasema maneno mawili tu: "Msiba wetu." Mama akakoka moto uani, sufuria zikaja kutoka nyumba za jirani, fundi akashona sanda bila kuuliza malipo.

Kisha wakaja watani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya bara, na mtani ana haki yake msibani. Mzee mmoja wa Kizaramo akavaa kofia ya marehemu na shati lake la bandarini, akaanza kutembea kama yeye, bega moja chini kana kwamba ana gunia. Mwingine akalala kizingitini, akaapa jeneza halitoki mpaka alipwe deni la ndururu moja ambalo marehemu alimkimbia nalo. Mimi nililia kwa hasira, nikiona wanamdhihaki. Nikageuka kumtazama Bibi. Alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na mkononi ameifumbata ile ndururu, tayari kulipa. Akamlipa mtani. Yule aliyelala akainuka, akajipangusa vumbi, akawa wa kwanza kutia bega chini ya jeneza, wakaenda kumzika Kisutu.

Nimesoma baadaye kitabu cha ofisa wa Kiingereza, J. A. K. Leslie, aliyeichunguza Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1950. Kilitoka mwaka 1963. Aliandika kwa kirefu juu ya mitaa yetu na nyumba zetu, na namshukuru, maana wengine hawakuona haja. Lakini mambo kama yale ya ndururu ya Bibi, mtu huyabeba moyoni tu.

Hata siasa ilipita uani. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, kwenye nyumba ndogo ya New Street, ambayo sasa ni Mtaa wa Lumumba, mwendo mfupi kutoka kwetu. Mmoja wa waasisi wake, Abdulwahid Sykes, alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo, hapo Baba alipouzia samaki. Wanaume walizungumza chama barazani kwa sauti ya chini. Lakini kadi ziliingia nyumbani kwetu kwa mlango wa uani. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipochukua uongozi wa akina mama, aliwaendea kupitia vikundi vya ngoma, na wanawake wa vikundi wakaingia nyumba kwa nyumba. Mama yangu alikata kadi akiwa ameshika mchi. Nadhani wanahistoria wangetazama zaidi uani. Watu ambao tayari walikuwa wamekwisha kuzikana, kulishana na kusutana kwa lugha moja, ukiwaambia kwamba wao ni taifa, unawaambia jambo wanalolijua.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 wakubwa walikwenda Uwanja wa Taifa. Sisi watoto tulibaki na Bibi, redio ya fundi imewekwa dirishani, tumekaa kwenye mikeka uani chini ya mpapai. Bibi aliuliza mara tatu kama bendera imekwisha kupanda.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kichwele ikawa Uhuru. Banda la zamani la soko likavunjwa, likaja soko jipya alilolichora Beda Amuli, lile lenye mapaa kama miavuli iliyogeuzwa, likafunguliwa mwaka 1975. Bibi alifariki, wajukuu wakauza. Ghorofa likasimama juu ya kiwanja chetu, likala baraza, likala uani, likala mpaka mahali pa choo. Usiku wa moto wa Julai 2021 niliutazama moshi wa soko kutoka dirisha la ghorofa ya tano, kwa mwanangu ninakokaa sasa, mitaa miwili tu kutoka pale nilipozaliwa. Milango yetu ina vyuma vya kukunja, na ngazi haina mahali pa kutandika jamvi.

Mwezi uliopita nilikwenda Feri mwenyewe. Nikainua mashavu kwa kidole gumba, muuzaji akacheka, akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikanunua changu wanne. Wawili niliwakaanga, nikawafunika, nikagonga mlango wa jirani, binti wa Kichaga mwenye duka la vitambaa Mtaa wa Kongo. Alifungua mlango wa mbao, wa chuma akauacha.

"Shikamoo mama. Ni shilingi ngapi?"

"Marahaba. Si wa kuuza, mwanangu."

Alinitazama. Akafungua chuma, akapokea kwa mikono miwili. Siku tatu zikapita. Ya nne jioni niligongewa mlango, nikamkuta amesimama na sahani yangu, juu yake ndizi mbivu tatu na kitambaa cheupe alichozifunikia.