Bottled-in-Bond: Onja Kwanza Ndio Ujue Kama Bei Inafaa

Kuna siku utapata mzinga wa bourbon umeandikwa Bottled-in-Bond, na bei iko juu kuliko wiski umezoea. Muuzaji atakuambia hiyo ni ya mabuda. Kabla utoe doo, elewa kitu kimoja: hayo maneno ni sheria, si mbwembwe za matangazo. Sheria inakuhakikishia ni nini kiko ndani ya chupa. Kama ni tamu ama la, hiyo ni kazi ya pua na ulimi wako.

Hiyo sheria ilitoka wapi?

Marekani, mwisho wa miaka ya 1800, wiski feki ilikuwa imejaa sokoni. Wajanja walichukua spiriti tupu, wakaitia rangi na ladha, wengine hadi tumbaku, halafu wakaiuza kama bourbon ya Kentucky. Kanali Edmund Taylor, mwenye viwanda vya wiski huko Kentucky, akasukuma serikali pamoja na Waziri wa Fedha John Carlisle, na Machi 1897 sheria ikapita. Sisi Kenya story hiyo tunaielewa bila kuchorewa. Ni juzi tu, 2024, pombe yenye sumu iliua watu Kirinyaga.

Masharti ni haya:

- Iwe ya mtengenezaji mmoja, kiwanda kimoja na msimu mmoja: Januari hadi Juni, ama Julai hadi Desemba.
- Ikae kwa pipa si chini ya miaka 4, ndani ya ghala la bondi chini ya usimamizi wa serikali.
- Iingie kwa chupa na alkoholi asilimia 50 kamili. Lebo itasoma 100 proof.
- Isiongezwe chochote ila maji.
- Lebo itaje kiwanda kilichoitengeneza.

Na ili iitwe bourbon, nafaka yake lazima iwe mahindi asilimia 51 kwenda juu, na ikae kwa pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Rangi yote unayoona imetoka kwa hilo pipa.

Sasa cheki, neno "premium" haliko kwa hiyo sheria. Kampuni ya Heaven Hill inauza Evan Williams ya lebo nyeupe, ambayo ni Bottled-in-Bond ya bei nafuu. Kampuni hiyo hiyo inauza Henry McKenna Single Barrel ya miaka 10, iliyobeba taji la wiski bora kwenye mashindano ya San Francisco 2019. Sheria ni moja, kilichobadilika ni umri na pipa. Na kwa sababu McKenna inatoka pipa moja moja, chupa yako na ya beshte yako zinaweza kuonja tofauti. Namba ya pipa iko kwa lebo.

Jinsi ya kuonja

1. Mimina kidogo, kama mililita 30, kwa glasi iliyobana juu. Ya wine iko sawa. Barafu na soda weka kando kwanza.
2. Iache dakika tano hivi. Ukiingiza pua mara moja, asilimia 50 itakuchoma na hutaskia kitu.
3. Nusa polepole, mdomo ukiwa wazi kidogo. Tafuta vanila, karameli, sukari nguru, mdalasini, mbao.
4. Piga sip ndogo ya kwanza. Usiihukumu, hiyo ni ya kuzoesha mdomo. Ya pili izungushe kama unatafuna, kisha umeze.
5. Ongeza maji kijiko kimoja na nusu cha chai, rudia. Hapo umeishusha hadi kama asilimia 40, ile nguvu umezoea. Ladha zikifunguka, hiyo ni kitu safi. Ikigeuka maji maji tu, umeshajua.

Kutoa maksi

Pima juu ya 10. Pua ipe 3, ulimi 3, na ile ladha inabaki baada ya kumeza 2. Moto ukibaki peke yake bila ladha, kata maksi. Mbao ikizidi hadi iwe chungu kama chai iliyochemka sana, kata tena. Mbili za mwisho ni za bei. Hapa usijidanganye: mwambie beshte akumiminie ya bei na ya kawaida kwa glasi mbili bila kukuambia ni gani. Ukishindwa kutofautisha, mfuko wako umeshajibiwa.

Kabla ulipe

Sheria ya Marekani hailindi chupa iliyojazwa tena uchochoroni. Angalia kifuniko kama kimeguswa, kisha scan stempu ya KRA na app ya Soma Label. Isiposoma, rudisha kwa shelf hata kama bei imeshushwa. Haswa kama imeshushwa.

Hii ni ya waliofika miaka 18, na gari liache nyumbani. Asilimia 50 si ya mashindano. Kunywa taratibu, uskie ulicholipia.