Vietnam na sisi: mwaka mmoja, njia mbili

Leo sina hadithi za bwenini. Jumatatu naongoza semina ya historia, na swali ni Tanzania ijifunze nini kwa nchi nyingine zilizofanya mageuzi ya uchumi. Wenzangu wengi wamekimbilia China. Mimi nimechukua Vietnam kwa sababu ya mwaka 1986.

Mwaka huo sisi, chini ya hayati Mzee Mwinyi, tulikubaliana na IMF baada ya Mwalimu kuwagomea kwa miaka kadhaa. Dola iliyokuwa shilingi 17 ikafika 40. Desemba hiyohiyo mkutano mkuu wa sita wa chama cha Kikomunisti cha Vietnam ukapitisha Doi Moi, yaani kufanya upya. Na wao walikuwa hoi kweli: vita, vikwazo vya Marekani, mfumuko wa bei uliopita asilimia 700! Ungeniuliza wakati ule nani atafika mbali, ningesema sisi.

Kumbe mambo hayakuanzia Hanoi. Miaka ya 1960 kiongozi wa chama mkoa wa Vinh Phuc, Kim Ngoc, aliruhusu mashamba ya ushirika yagawiwe kaya kwa kaya: mkitoa fungu la ushirika, kinachobaki chenu. Mzee akalazimishwa kujikosoa. Lakini wakulima sehemu nyingine nao wakawa wanafanya hivyo kimyakimya, mpaka 1981 serikali ikaruhusu mkataba wa namna hiyo nchi nzima. Aprili 1988 Azimio namba 10 likaikabidhi kaya shamba lake. Nchi iliyokuwa inaagiza mchele, mwaka 1989 ikauza nje zaidi ya tani milioni moja. Na mkopo wa IMF hawakuwa nao. Uhusiano ulirudi 1993.

Yaani serikali ilihalalisha kitu ambacho mkulima alishakijaribu. Wa kwetu nani alimuuliza? Hakuulizwa alipohamishiwa vijijini, hakuulizwa 1976 vyama vyake vya ushirika vilipofutwa, na 1986 masharti yalijadiliwa maofisini.

Si kwamba kule ilikuwa peponi. 1989 nao walianza kutoza ada hospitalini na shuleni, kama uchangiaji wetu tu. Mimi nayesomea ualimu hapo siwatetei. Kwetu ada ya shule ya msingi ilikuja kufutwa 2001, na katikati hapo kuna watoto waliobaki nyumbani.

Nilimsomea mwenzangu wa chumbani, akacheka. "Acha ushabiki wewe. Hazina ilikuwa tupu, madukani hakuna sabuni. Ungemsubiri mkulima ajaribu miaka ishirini?"

Nimekaa na hilo swali tangu jana usiku. Wale nao walikuwa na njaa, hilo ninalo la kumjibu. Ila miaka ishirini ni kweli, na semina ni saa mbili asubuhi.