Tangu au kwa kuwa?

Wapo wahariri wa Kiingereza wanaotaka neno "since" lihusu wakati tu, yaani "tangu", na maana ya "kwa kuwa" iachiwe "because". Hoja yao si ya kupuuzwa: "Since she left, he has been ill" yaweza kusema kwamba bwana anaumwa tangu bibi aondoke, au kwamba kuondoka huko ndiko kulikomtia ugonjwa. Hata hivyo, historia haiungi mkono katazo hilo. Shakespeare alilitumia neno hilo kutaja sababu katika Hamlet, yapata mwaka 1600. Tena mara nyingi sarufi yenyewe huamua: katika "since he is ill", kitenzi cha wakati uliopo huelekeza kwenye sababu.

Wala safari hii ya kutoka wakati hadi sababu si kioja cha Waingereza. Jambo likitangulia jingine, akili hulidhania kuwa ndilo lililolizaa. "Chanzo" chetu, kutokana na "anza", hutaja mahali mto unapoanzia na pia kiini cha ugomvi. "Maadamu", tuliyoipokea kutoka Kiarabu, asili yake ni muda unaodumu; leo twasema "maadamu umefika, kaa ule", na hakuna anayetazama saa. Kwa mfasiri, basi, dawa si kulipiga neno marufuku bali kukichunguza kitenzi kilicho jirani nalo, na pale sarufi inaponyamaza, kuupima muktadha kabla ya kuandika "tangu" kwa mazoea.